Povu la Mlezi

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja kwa sasa kwa sababu liko kwenye ukarabati. Iliundwa tume miaka sita iliyopita itutafutie jina jipya, na mpaka tume hiyo imalize chai tumeelekezwa tuseme "hapa kwetu". Basi hapa kwetu, mwaka ule ninaousimulia, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alisafiri kikazi kwenda nchi jirani, kwenye harusi ya mtoto wa kiongozi mwenzake. Kesho yake yule mwenzake akamwalika nyumbani. Hakukuwa na gwaride. Mwenye nyumba alitoka amevaa kandambili, akafungua friji kwa mkono wake mwenyewe, akatoa chupa ya mvinyo wenye mapovu, ya bei ya kawaida tu, wakanywa barazani huku wakitafuna karanga.

Mlezi alirudi amebadilika. Alituhutubia kwa saa tatu na nusu juu ya ukawaida. Alisema taifa lisiloweza kumpokea mgeni kikawaida haliwezi kuheshimiwa duniani, na kwamba kuanzia siku hiyo tumeingia Mwaka wa Ukaribisho wa Kawaida. Kila nyumba iwe tayari wakati wowote kumpokea mgeni wa ghafla kwa mvinyo wenye mapovu wa bei nafuu. Wiki iliyofuata zikatoka kanuni. Mgeni wa ghafla alitakiwa kuomba kibali siku kumi na nne kabla ya kuja. Mwenyeji alitakiwa kujaza fomu namba tisa, kueleza atashangaa kwa kiwango gani. Kucheka kulikuwa hiari, isipokuwa kwa watumishi wa umma.

Ikaundwa Wizara ya Ukaribisho wa Kawaida, na aliyeteuliwa kuwa waziri ni rafiki yangu Gaudensi Lukelelwa. Siku hiyo nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Mimi naitwa Nikodemu. Nimekuwa mhudumu katika Nyumba ya Wageni wa Serikali kwa miaka kumi na tisa, na saba ya mwanzo nilikuwa na Gaudensi. Tulipanga chumba kimoja. Kazi yetu ilitaka viatu vyeusi vya ngozi, nasi tulikuwa na jozi moja kati yetu wawili, kwa hiyo yeye aliomba zamu ya asubuhi na mimi ya alasiri. Saa nane mchana tulikutana nyuma ya jiko, anavua, navaa. Viatu vilinifikia vikiwa bado na joto la miguu yake. Baadaye yeye akaingia kwenye siasa, mimi nikabaki na viatu.

Alipopata wizara aliniita ofisini. Alikuwa amekwishanenepa, lakini alifunga mlango, akavua viatu, akaweka miguu mezani kama zamani.

"Niko," alisema, "nitafutie kinywaji. Kiwe na mapovu, kiwe cha bei nafuu, na kisiniaibishe."

"Mheshimiwa, hilo ni jambo dogo."

"Usiniite Mheshimiwa. Mlango umefungwa."

Basi nikamweleza, kwa sababu ni mambo ninayoyajua na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia asinunue uzito wa chupa wala karatasi ya dhahabu shingoni, maana hivyo havinyweki. Atafute mvinyo mkavu, usiwe na sukari nyingi, kwa sababu watu watakuwa wanakula sambusa na mihogo ya kukaanga, na sukari juu ya mafuta inachosha ulimi. Atazame mapovu: yakiwa madogo na yakipanda kwa mstari bila kukoma, aliyeutengeneza alikuwa na subira. Chupa ikae nusu saa kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa maji na konzi ya chumvi. Glasi ziwe nyembamba na zisijazwe. Na wakati wa kufungua, ashike kizibo, azungushe chupa polepole kutokea kitako, asikubali kizibo kiruke. Mvinyo ulioheshimiwa haupigi kelele. Unatoa pumzi tu, ya mtu aliyeketi baada ya kutembea mbali.

"Wapi nitapata kitu kama hicho kwa bei nafuu?" aliuliza.

Nikamwambia kwa Shangazi.

Shangazi Restituta ndiye aliyenilea. Anaishi Matelemko, kijiji cha zabibu huko kwetu, na yeye na kina mama kumi na mmoja wana kikundi. Mwingine angedhani ni hadithi, lakini kina mama hawa walifundishwa na sista mmoja wa misheni kutia mvinyo kwenye chupa, kuufunga, kuuacha uchachuke mara ya pili humo humo ndani, na kila asubuhi kuzigeuza chupa kidogo, moja moja, huku wakizitaja kwa namba kama wanafunzi. Walitengeneza chupa chache za sikukuu. Zabibu nyingine zote, kila mavuno, waliwauzia wafanyabiashara wa malori.

Nilimpelekea Gaudensi chupa moja. Nikaifungua kimya, nikaonja, nikammiminia. Alikunywa, akasogeza glasi nimwongeze. Ya pili ilipoisha alikuwa na machozi.

"Waambie wasiuze zabibu mwaka huu," alisema. "Wageuze malori. Mavuno yote yaingie kwenye chupa. Serikali itachukua zote."

"Gau, hiki ni kijiji kizima. Zabibu ikishaingia kwenye chupa haitoki kurudi kwenye lori."

"Niko, nani alikuwa akikuvulia viatu saa nane? Neno langu hilo."

Nikalibeba neno lake mpaka Matelemko. Shangazi alikuwa anapepeta, hakusimama.

"Huyo rafiki yako," aliuliza, "alikunywa?"

"Alikunywa, Shangazi. Glasi mbili."

"Nani alitoa sumu?"

Hapa niseme kidogo kwa wasiotoka kwetu. Matelemko hakuna anayempa mtu kinywaji kabla hajakionja yeye mwenyewe mbele ya macho yake. Kama ni togwa, kama ni chai, mwenye kutoa anapiga funda moja, ndipo anakukabidhi. Tunaita kutoa sumu. Si kwamba tunashukiana, ni kwamba tunaambiana: kitakachokupata kitanipata na mimi. Watu wawili tu hawaonjewi. Wa kwanza ni mtoza ushuru. Wa pili ni adui aliyekuja mchana, ambaye hana sababu ya kudhani anapendwa.

"Nilionja mimi," nilimjibu. "Kisha nikampa."

"Basi kama ulionja wewe, mimi nimekwisha kuamini." Akaweka ungo chini. Msimu ule malori yalikuja Matelemko yakarudi matupu, na kina mama wakajaza chupa elfu tatu kasoro kidogo. Waliazima hata ghala la kanisa.

Kuchagua mvinyo wa taifa, hata hivyo, si kazi ya waziri na rafiki yake. Ilikuwa lazima iundwe Kamati ya Uteuzi wa Povu, yenye wajumbe arobaini na mmoja. Ili kuepuka upendeleo waliteuliwa watu ambao hawajawahi kunywa mvinyo, na wale wachache waliowahi waliandika barua za kujutia. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu wa barabara. Alikuja na rula.

Vinywaji vilivyoshindanishwa vilikuwa viwili: mvinyo wa Matelemko, na mwingine ulioletwa kwa makontena na shemeji yake Mlezi, mtu mpole sana ambaye bahati humfuata kokote anakokwenda. Vigezo vilikuwa vitatu. Kwanza urefu wa povu, kwa sentimita. Pili uzito wa chupa. Tatu, na hiki ndicho kilichobeba alama nyingi, Mlio. Ilielezwa kwamba mgeni wa ghafla ana haki ya kujua kuwa amekaribishwa, na jirani ana haki ya kujua kuwa kuna mgeni, na vyombo husika vina haki ya kujua kuhusu wote wawili. Chupa inayofunguliwa kimya inaweza kutafsiriwa kama kikao.

Wa shemeji ulifunguliwa na mtu wake. Ulilia kama gurudumu la lori linalopasuka. Kizibo kilivunja taa na povu likafika kwenye viatu vya mwenyekiti, akalipima, akapiga makofi.

Kisha nikaitwa mimi. Sasa nitakiri kosa langu, maana lilikuwa langu peke yangu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimefungua chupa nyuma ya migongo ya watu, hakuna aliyegeuka. Siku ile macho arobaini na moja, ukihesabu jicho moja zima la mwenyekiti na kuwaacha waliolala, yalikuwa yananitazama mimi. Nikataka kuwaonyesha ufundi. Nikafunika kitambaa, nikashika kizibo, nikazungusha kitako taratibu kuliko nilivyowahi kuzungusha. Hata mimi mwenyewe nilisikia kidogo tu.

"Endelea," alisema mwenyekiti.

"Tayari, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Tayari nini?"

"Imefunguka."

Wajumbe walitazamana. Mmoja aliuliza kama kuna ushahidi. Niliwamiminia, nikawaonyesha mapovu yalivyokuwa yakipanda kwa mstari, lakini mwenyekiti alisema mapovu madogo ni dalili ya upungufu. Nikaamriwa niifungue tena. Nikasema chupa iliyofunguka haifunguki tena. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Chupa ya Matelemko haikufunguka. Mhudumu alikataa kurudia."

Nilitoka nikiwa nimeloa jasho. Gaudensi alinifuata kwenye korido, akanishika bega.

"Usijali," alisema. "Kamati inashauri. Anayetangaza ni mimi."

Na kweli alitangaza. Jioni hiyo hiyo redio ya taifa ilisema mshindi ni mvinyo wa kina mama wa Matelemko, ushahidi kwamba Mlezi anawajali wazalishaji wadogo, na kwamba kuanzia sasa utaitwa Povu la Mlezi. Kijijini walipiga vigelegele. Zikaja lebo kutoka wizarani, za kuonyesha tu, zenye picha ya Mlezi akiwa amevaa kandambili, na barua inayosema lori la serikali litafika kuchukua chupa zote kabla ya sherehe. Kizuri chajiuza, nilimwambia Shangazi kwenye simu. Alicheka, akaniambia nisisahau kula.

Lori halikufika wiki ya kwanza. Halikufika ya pili. Nilipompigia Gaudensi alisema linatafutiwa kibali cha kufika kwa ghafla.

Ikawadia Sherehe ya Kawaida ya Taifa. Ilifanyika uwanja mkuu wa mpira, saa sita mchana, na watu elfu hamsini walikuwa wamealikwa kupita tu. Kandambili za bluu ziligawiwa langoni kulingana na cheo. Tulifanya mazoezi ya kukaa bila utaratibu kwa siku nne, na kila mtu alijua mahali pake pa kutojali. Kikundi cha Matelemko kililetwa kwa basi, kina mama wote kumi na wawili, wamevaa vitenge vya sare, wakaketishwa meza ya mbele chini ya kipaza sauti. Asubuhi ile Gaudensi alikuwa ameniletea zawadi, jozi mpya ya viatu vyeusi vya ngozi. "Safari hii vyako peke yako," aliniambia. Nilivivaa na moyo ulijaa.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia meza ya kina mama. Chupa zilikuja kutoka nyuma zikiwa tayari zimefungwa vitambaa vyeupe mpaka shingoni, na sura ya Mlezi ikichungulia juu. Nikadhani lori lilikwenda hatimaye. Niliinua ya kwanza, na kidole gumba kikaenda chini ya kitako kama kawaida yake. Chupa za Matelemko zina shimo kitakoni, kidole kinazama mpaka kwenye fundo. Hii ilikuwa bapa. Nikakigeuza kizibo nikasikia plastiki. Ilipofunguka, hata nilivyoizuia, ililia, na harufu iliyotoka ilikuwa ya peremende.

Niliiacha chupa mezani, nikamfuata Gaudensi nyuma ya jukwaa. Alikuwa anarekebisha tai.

"Gau, huu si mvinyo wao."

"Ni wao. Soma lebo."

"Wao uko wapi?"

"Uko salama, uko kijijini." Hakunitazama. "Kuutoa kule kuna mlolongo, Niko. Na shemeji alishashusha makontena bandarini. Ungetaka nimwambie nini, ayanywe mwenyewe?"

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa. Na jina je, si nimewapa? Taifa zima leo linasema Matelemko. Wangapi wanapata hilo?" Kisha akaangalia chini. "Viatu vimekukaa vizuri. Rudi mezani, wanakungoja."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kiatuni. Niliumia, niseme wazi, niliumia mpaka nikahisi baridi kwenye jua la saa sita. Nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa damu, na nilikuwa nikingoja aseme neno moja tu la kuona haya. Alikohoa, akapanda jukwaani.

Nikarudi. Mtangazaji wa redio alikuwa amesimama karibu na meza, kipaza sauti mkononi, nchi nzima ikisikiliza. Nikakimimina kile kitu kwenye glasi ya Shangazi. Mapovu yalikuwa makubwa, yakafura na kufa kabla sijainua chupa. Shangazi aliyatazama. Amegeuza chupa kila asubuhi tangu mimi nikiwa darasa la tatu, hakuhitaji kuambiwa.

Hakuigusa glasi. Aliisukuma kwangu kwa vidole viwili.

"Toa sumu, mwanangu."

Nilikunywa funda moja. Ilikuwa sukari tupu na maji yaliyochanganyikiwa. Mtangazaji akaninyooshea kipaza sauti, akauliza kwa bashasha: "Na je, mhudumu wetu, huu ndio wenyewe?"

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichonizuia. Askari walikuwepo, lakini walikuwa mbali na wamevaa kandambili. Kazi ningeipoteza, lakini watu hupoteza kazi na wakaishi. Ninachokumbuka ni kwamba Gaudensi alikuwa jukwaani akinitazama, kwa mara ya kwanza siku ile, na nikaona bado naweza kumwokoa.

"Ndio wenyewe, Shangazi," nilisema. "Ni wa Matelemko."

Shangazi akachukua glasi kutoka mkononi mwangu, akasimama, akainywa yote mpaka tone la mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeonja na mila ni mila. Kina mama wengine walipomwona wakanywa na wao. Akasema kwenye kipaza sauti, "Tunashukuru." Uwanja mzima ukashangilia kwa kiwango kilichoidhinishwa.

Taarifa rasmi ilisema sherehe ilikuwa ya kawaida kupita zote katika historia. Gaudensi alipandishwa cheo. Mimi nilipewa Nishani ya Mlio, daraja la tatu, kwa ile chupa iliyolia mikononi mwangu, na cheti chenye sahihi ya mwenyekiti wa kamati.

Lori lilifika Matelemko mwezi uliofuata. Lilikuja na maofisa wa Mamlaka ya Ulinzi wa Povu. Walieleza kwamba Povu la Mlezi sasa ni chapa ya taifa, iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, na kwamba katika ghala la kanisa kuna chupa elfu tatu kasoro za bidhaa bandia ya Matelemko, inayofanana na Matelemko kupita kiasi. Kina mama walionyesha barua ya wizara. Ofisa aliisoma, akasema ni nzuri. Basi wakaanza kumwaga. Kwa kuwa kanuni za Mlio zilikuwa bado zinatumika, kila chupa ilibidi ifunguliwe kwa kelele, na kazi ilichukua siku tatu. Watu wa vijiji vya jirani walidhani Matelemko kuna harusi kubwa, wakaja na zawadi.

Nilimpigia Gaudensi mara nyingi. Sauti ya kurekodiwa iliniambia Mheshimiwa anapokea simu za ghafla kwa miadi.

Nilikwenda nyumbani Jumapili moja, baada ya misa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Shangazi alikuwa uani, akanipokea begi, akanipa kigoda cha kivulini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Viatu vizuri."

"Ni vya kazini."

Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza habari za mjini, za mvua, za mgongo wangu. Hakuuliza jingine, na maneno yangu yote niliyoyapanga yakakosa mahali pa kuingilia. Kisha akaingia ghalani, akachakura chini ya mahindi, akatoka na chupa moja yenye vumbi la mahindi. Hiyo maofisa hawakuiona. Alikuwa ameitumbukiza kisimani usiku kucha, akairudisha kabla ya misa, akaificha tena. Ilikuwa bado ya baridi. Akafunika kizibo kwa upande wa kitenge, akazungusha kitako taratibu. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na sikusikia kitu.

Akamimina kikombe kimoja. Mapovu yalikuwa madogo, yakipanda kwa mstari. Nikanyoosha mikono miwili kama nilivyofunzwa, nikangoja apige funda lake.

Hakupiga. Alinikabidhi kikombe kikiwa kimejaa, akaketi mbele yangu, akakunja mikono.

"Kunywa," alisema.